Firigisi ya Jumamosi

"Shika hapo, usitingishe," Waweru aliniambia. Nikashika ncha ya ubao na kuutuliza kwa goti. Akapitisha randa mara mbili, akapuliza vumbi, akainama na kufumba jicho moja kuangalia kama ubao umenyooka, kisha akapitisha randa tena mahali palepale. Ubao huo ulikuwa umenyooka tangu Jumanne. Mimi ni fundi cherehani, na mstari ulionyooka naujua nikiuona.

"Leo ni Ijumaa," nikasema.

"Najua."

"Na Nangila amesema kesho milango iwe imepachikwa na vifaa vyako vimetoka."

"Najua, Jeconia. Shika."

Tulikuwa nyuma ya hoteli ya Nangila, kwenye kiwanja kidogo kilicho kati ya jiko na ua wa mabati. Kabati la vyombo lilikuwa limesimama mbele yetu, refu, lenye rafu safi, lakini halina milango. Juu yake alikuwa amesimama jogoo mwekundu, akitutazama kama karani wa manispaa. Habari ya jogoo nitaieleza mahali pake. Kwanza nieleze kwa nini kabati la kazi ya wiki mbili lilikuwa limeingia mwezi wa tatu.

Waweru alitaka kumuoa Nangila. Hilo watu wote walilijua, hadi wauza makaa wa upande ule, ila Waweru mwenyewe alidhani ni siri. Alikuwa mtu wa Othaya, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mbele ya mtu anayetaka kitanda angeweza kusifu mbao za saiprasi hadi mtu achoke. Mbele ya Nangila alisema "asante" na "chumvi iko?" Kabati likiisha, asingekuwa na sababu tena ya kupita jikoni. Basi akawa analijenga kama watu wanavyojenga kanisa, kidogo kidogo, na akiona mahali pametoka vizuri sana, anapabomoa.

Nangila alitoka upande wa Kimilili, na hoteli aliachiwa na shangazi yake. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, asiyependa maneno mengi wala sahani inayorudi na chakula.

Sisi tulimjua kwa sababu ya njaa. Ule mwaka wa mahindi ya njano, themanini na nne, mvua ilipokataa, Eldoret nzima ilikula ugali wa rangi ya njano wenye harufu ya gunia. Waweru na mimi, pamoja na Simeon Githinji, ambaye huuza mbegu na mbolea na ndiye mwenye veranda ninapoweka cherehani yangu, tulizunguka mji tukitafuta mahali ambapo ugali ni ugali. Simeon ndiye aliyenusa hoteli ya Nangila. Baba mdogo wa Nangila, Mzee Kituyi, alikuwa na shamba huko Ziwa, nje ya mji, na alikuwa amebakisha magunia ya mahindi meupe ya mwaka uliotangulia. Siku hiyo tulikula bila kuzungumza. Simeon alitokwa na machozi akasema ni pilipili, na mezani hapakuwa na pilipili.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku yetu. Siku nyingine kila mtu alikula kwa wakati wake, sukuma wiki au maharagwe, na mimi omena, dagaa wa kwetu, nikibahatika. Jumamosi tulikaa pamoja, meza ya dirishani, tukaagiza kuku mzima wa kienyeji. Nangila alimpika polepole hadi mchuzi ukawa mzito wenyewe. Kuku yule alikuwa na kasoro moja tu, na Simeon aliitaja kila wiki.

"Kuku wa hapa hawana firigisi," angesema akipekua bakuli. "Sasa mahindi husaga na nini?"

"Uliza mwenye hoteli."

"Nimeuliza. Amesema nikule kile kiko."

Mimi nilijua sababu, na sikuisema, kwa kuwa haikuwa ya kuzungumzwa mezani. Kwao Nangila, kama kwetu upande wa ziwa kubwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke humwekea mume wake, na mtu mwingine hanyooshi mkono. Hoteli ile haikuwa na mwenye nyumba. Firigisi za Jumamosi zilimngoja Mzee Kituyi aje Jumapili kutoka Ziwa, na asipokuja, zililiwa na paka. Nangila mwenyewe hakuzigusa.

Basi Jumamosi moja, mwaka uliofuata ule wa njaa, Nangila alileta bakuli letu kama kawaida, kisha akarudi na sahani moja ndogo na kuiweka mbele ya Waweru. Kwenye sahani palikuwa na firigisi. Ilikuwa imeoshwa, imepasuliwa, imekaangwa na kitunguu hadi ikang'aa. Akarudi jikoni akasimama kwenye kile kidirisha cha kupitishia chakula, akijifanya anapanguza kijiko.

Mimi niliacha kutafuna. Nikajiambia, huyu mwanamke amemaliza maneno yote.

Waweru akaitazama sahani. Hapa mtu asimhukumu haraka. Alipokulia yeye, kuku alikuwa wa mayai, na mayai yalikuwa ya kuuza. Nyama ya sherehe ilikuwa mbuzi. Kuku aliyemzoea ni huyu wa Nangila, na huyo hakuwa na firigisi, kwa sababu nilizoeleza. Alichokiona ni kipande kidogo, cheusi, kinachoonekana kigumu. Akafikiri, kama alivyonieleza baadaye, kwamba nyama imepungua jikoni na yeye anapewa kilichobaki kwa vile si mtu wa kunung'unika. Akataka kuonyesha kwamba pia si mchoyo.

"Jeconia," akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "kula hii. Mimi nimetosheka."

Akaiweka kwenye sahani yangu.

Sijawahi kuogopa kipande cha nyama namna hiyo. Nikikila mbele ya macho yale, nitakuwa nimekula nini? Na nina mke, Awuor, na mtoto, Perez, na nyumba yetu iko mtaa wa Pioneer, na habari za mjini hufika Pioneer kabla yangu. Kusema wazi sikuweza, maana Nangila angesikia na kuaibika. Nikairudisha kwenye sahani ya Waweru, na chini ya meza nikampiga teke.

"Ni yako," nikasema.

"Wacha heshima, Baba Perez. Kula."

"Waweru. Nimesema ni yako."

"Na mbona unanipiga teke?"

Simeon alikuwa akiifuata firigisi kwa macho, ikienda na kurudi, kama mtu aliye uwanjani akitazama mpira. "Kama hamtaki," akasema, "mimi sina shida."

Na Waweru, kwa moyo safi kabisa, akampa.

Simeon ni mzee wa kanisa. Aliinamisha kichwa akashukuru, kisha akaitia yote mdomoni. Alitafuna akiwa amefumba macho. Alipomeza, akageuka upande wa jikoni na kuita, "Mama Hoteli, nilijua ziko. Kuna ingine?"

Kijiko kiliwekwa chini. Nangila akaja hadi mezani petu, akachukua chumvi, akaondoka nayo.

Jumatatu Waweru alipewa ugali wa chini ya sufuria. Jumanne chai yake haikuwa na sukari. Siku iliyofuata chai ilikuwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa chumvi. Zamani Nangila alimwita Fundi. Sasa alimwita kastoma. Jumamosi bakuli letu lilikuwa na shingo, miguu na ncha za mabawa, hata Simeon akauliza kama huyo kuku aligongwa na lori.

Waweru hakuelewa alichokosea, na aliteseka kimya kimya kama mtu mwenye jino bovu. Nikaona si vizuri. Siku moja kwenye veranda nikasimamisha cherehani.

"Ile nyama ndogo," nikamwambia. "Unajua ilikuwa nini?"

"Mapafu?"

"Firigisi."

"Ile Simeon hulilia?"

"Hiyo."

Nikamweleza yote, polepole, mara mbili. Waweru akakaa juu ya gunia la mbolea. Lori likapita, likapita lingine.

"Kwa hivyo alikuwa ananiambia mimi ni mwenye nyumba," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikakupatia wewe."

"Ndiyo."

"Na wewe ukanipiga teke."

"Ndiyo."

"Ungepiga na nguvu."

Simeon alikuwa amesikia akiwa ndani ya duka. Akatoka na kopo la kupimia mbegu mkononi. "Ati nimekula nini?" Nikamrudia maneno. Uso ukamshuka. Ana mke, Mwihaki, mwanamke mpole ambaye hakuna anayetaka kumwona akikasirika, na ana kiti cha mbele kanisani. Akaniuliza kama mtu akitapika baada ya wiki inasaidia.

Tulimwomba asiende kwa Nangila. Alikwenda. Alivua kofia, akasimama mlangoni pa jikoni na kusema, "Mama, ile kitu nilikula, sikukula na nia hiyo."

"Nia gani?" Nangila akauliza.

"Ile nia."

"Simeon, chakula hukuliwa na nia ngapi?"

Simeon akarudi akatuambia mambo yametulia. Alasiri hiyo chai yake pia haikuwa na sukari.

Ndipo Waweru akapata wazo la jogoo. Akaenda Ziwa siku ya soko. Langoni mwa soko vijana wa chama tawala walimzuia wakitaka kuona kadi ya uanachama, akaonyesha. Akitoka, wakamuuliza na ya jogoo iko wapi, wakacheka wenyewe. Alirudi na jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye dharau, akampeleka moja kwa moja kwa Nangila. Mimi nilikuwa nimebeba mbao nyuma yake.

"Nimekuletea," akasema.

"Wa nini?"

"Wa Jumamosi. Ukimpika, sasa, ile kitu yake ya ndani..."

"Ile kitu yake gani?"

"Firigisi."

Nangila alimtazama, akamtazama na jogoo. "Kastoma, firigisi haiagizwi," akasema. "Sio soda."

Akamfungua jogoo kamba. Jogoo akaruka juu ya kabati, akapapenda, na hakuna aliyemshusha. Jumamosi tulipikiwa kuku mwingine. Tulipokuwa tukinawa mikono, Nangila akamwambia Waweru kwamba Jumamosi inayokuja anataka kabati liwe na milango, na vifaa viwe vimetoka uani kwake. Waweru akajibu, "Asante."

Hivyo ndivyo tulivyofika Ijumaa ile, mimi nimeshika ubao ulionyooka na yeye anauranda.

Nangila akatoka jikoni na beseni, akamwaga maji kando ya ua, akasimama.

"Milango iko wapi?"

"Huu ni mmoja," Waweru akasema.

"Huo ni mmoja tangu wiki ianze."

Waweru akaweka randa chini. Mimi nilitaka kuondoka, lakini nilikuwa nimeshika ubao.

"Nangila," akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akitaja jina hilo mbele ya mwenyewe. "Mimi sikujua."

"Hukujua nini?"

"Hiyo firigisi. Sikuwa naijua. Nilifikiri ni mapafu."

"Mapafu."

"Nilifikiri nyama imeisha na unanionea huruma. Kwetu kuku hatukuwa tunakula. Tulikuwa tunauza mayai."

Nangila akanigeukia. "Baba Perez, ni ukweli?"

"Ni ukweli. Hata mimi aliniambia mapafu."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukafanya nini?"

"Nikampiga teke."

Nangila akatugeuzia mgongo, akautazama ukuta wa mabati. Mabega yakatetemeka. Nikadhani analia, nikatafuta neno la kumtuliza. Alipogeuka tena alikuwa amejipanguza uso kwa aproni, na kwenye uso huo sikuweza kusoma kitu.

"Huko kwenu hakuna kuku," akamwambia Waweru, "mtu hupewa nini ndio ajue amepewa?"

Waweru alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Mbuzi. Mbuzi akichinjwa kila mtu ana kipande yake. Wazee wana yao, vijana wana yao. Wasichana hupewa masikio."

"Masikio ya nini?"

Nilitaka kumzuia, lakini ubao ulikuwa mrefu na mguu wake ulikuwa mbali.

"Ndio wasikie," Waweru akasema.

"Wasikie nani?"

Juu ya kabati jogoo akabadilisha mguu.

"Mabwana zao," Waweru akasema, kila neno likitoka polepole kuliko lililotangulia.

Nangila akaweka beseni chini. "Na hapa kwetu watatu, mtu mwenye hakusikia ni nani?"

"Ni mimi."

"Niliweka sahani mbele yako. Nikasimama pale. Nikasubiri. Ulisikia?"

"Sikusikia."

"Basi enda kwa Kinyanjui. Leo ako na vichwa."

Waweru alikwenda na vumbi la mbao kichwani. Kinyanjui, mwenye bucha iliyo mkabala, huchemsha vichwa vya mbuzi kwa ajili ya supu, na alikataa kukata masikio hadi aelezwe ni ya kazi gani. Alipoelezwa, alikata, akafunga kwenye gazeti, kisha akafunga bucha na kuja kujionea.

Nangila aliyapitisha masikio juu ya makaa, akayatia chumvi, akayaweka kwenye sahani ndogo. Lakini hakuileta uani. Aliipeleka kwenye meza ya dirishani, saa ya chakula cha mchana, hoteli ikiwa imejaa watu wa viwandani, na walimu wawili kutoka Soy, na Simeon aliyekuwa amefuata harufu. Akamwonyesha Waweru kiti. Akakunja mikono.

Sikio la mbuzi si nyama ya mtu mwenye haraka. Nje ni ngozi, ndani ni kitu kama kipande cha mpira, na katikati hapana chochote. Waweru akauma. Akatafuna. Watu wakaacha kula wakamwangalia.

"Unasikia?" Nangila akauliza.

"Nasikia."

"Ongeza sauti. Hao wa mlangoni hawajapata."

"Nasikia," Waweru akasema, shavu likiwa limejaa.

Mmoja wa wale walimu akauliza huyu mtu amefanya nini. "Ni mambo ya mila," Simeon akamjibu kwa uzito, kama mtu ambaye hahusiki. Nangila akamtazama tu, na Simeon akahamia meza ya nyuma.

Sikio la kwanza lilichukua muda mrefu. La pili Waweru hakulitia mdomoni. Alitoa kisu chake kidogo, kile cha kuchongea penseli, akakipangusa kwenye suruali, akalikata sikio katikati. Nusu moja akaiacha kwenye sahani. Nusu nyingine akaishika kwa vidole na kuinua mkono kuelekea kwa Nangila.

Kinyanjui aliacha kucheka.

"Hiyo ni ya nini?" Nangila akauliza.

"Ni yako."

"Ndio nisikie?"

"Hapana," Waweru akasema. "Wewe ulisikia kitambo. Ni ndio unisaidie kutafuna. Ni ngumu."

Nangila akaichukua. Akaitia mdomoni akatafuna akiwa amesimama, macho yakiwa dirishani. Akameza kwa shida.

"Imekosa chumvi," akasema. Akavuta kiti, akakaa.

Miaka yote niliyokula pale sikuwahi kumwona Nangila amekaa ndani ya hoteli yake. Mtu wa kiwandani akaita chai, na mwenzake akamwambia anyamaze.

"Jumapili baba mdogo anakuja," Nangila akamwambia Waweru, sauti ikiwa chini sasa. "Atauliza wewe ni nani. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia mimi ni fundi."

"Hiyo ataona kwa kabati. Tafuta ingine."

Alasiri ile Waweru alifanya kazi kama watu watatu. Sikushika ubao, nilikuwa namkimbilia tu, nikileta parafujo na kupokea nyundo. Jogoo alihama mwenyewe kwa sababu ya kelele. Mlango wa kwanza ukapanda, ukafunguka, ukafungika bila kulia. Wa pili ukalazwa juu ya meza ya kazi, Waweru akaweka alama za penseli mahali pa bawaba. Kisha wingu likaja kutoka upande wa Soy, na uani kukawa giza hata alama hazionekani vizuri.

"Niletee taa," akaita jikoni. "Nimalize."

Nangila alikuwa akimenya vitunguu mlangoni. "Wacha," akasema. "Utamalizia kesho."

"Imebaki huu mmoja tu."

"Najua imebaki mmoja. Kesho."

Matone ya kwanza yakagonga mabati. Waweru akatia parafujo kwenye mkebe, akashika mlango upande mmoja nami nikashika wa pili, tukauingiza jikoni na kuuegemeza ukutani, mbali na moto. Tukatoka mbio tukajibanza kwenye veranda ya Simeon. Waweru alikuwa akisema kitu chini ya pumzi. Nikasogea kusikiliza.

"Mzee," alikuwa akisema, "mimi naitwa Waweru, na mimi..." Akatikisa kichwa, akaanza tena. "Mzee, mimi..."

Mvua ikanyesha kabisa.